Pedali ya Klachi Inaponata: Yampasayo Mwenye Gari la Spoti Kuyajua Kabla ya Kulipia Matengenezo

Utangulizi

Magari ya spoti yaliyotumika, hususan yale yanayotoka Japani, huonekana katika barabara za miji yetu. Mlaji anayenunua Mazda MX-5, Nissan 370Z, Toyota 86 au Honda S2000 ya gia za mkono hununua gari lililoundwa kwa ajili ya dereva anayependa kubadili gia mwenyewe. Kwa sababu hiyo, klachi ya gari kama hilo hufanya kazi nyingi, na huko ilikotoka mara nyingi ilikwisha kufanya kazi nyingi zaidi kabla haijafika mikononi mwa mnunuzi wa hapa.

Miongoni mwa hitilafu zinazowafikisha wenye magari hayo gereji ni pedali ya klachi inayonata. Pedali hukanyagwa ikashuka, lakini hairudi juu. Au hurudi polepole kuliko mguu. Au hubaki sakafuni mpaka dereva aiinue kwa ncha ya kiatu. Jibu analopewa mlaji mara nyingi huwa fupi: "Klachi imekwisha, tushushe giaboksi." Jibu hilo linaweza kuwa la kweli. Hata hivyo, visababishi vingi vya pedali kunata viko nje ya giaboksi, na baadhi yake huondolewa bila kufungua hata bolti moja ya giaboksi. Mlaji asiyelijua hilo huweza kulipia klachi pleti mpya, presha pleti mpya na kazi ya siku nzima, kisha akaondoka na pedali ileile inayonata.

Makala hii haikusudii kumfanya mlaji awe fundi. Inakusudia kumwezesha kuitazama hitilafu kwa utaratibu, kuieleza kwa usahihi, na kutaka uthibitisho kabla hajatoa fedha.

1. Pedali hurudi juu kwa nguvu ya nani?

Watu wengi hudhani kwamba pedali ya klachi hurudishwa juu na springi ndogo iliyo chini ya dashibodi. Kwa sehemu kubwa dhana hiyo si sahihi, na kuielewa kasoro yake ndiyo hatua ya kwanza ya kuitambua hitilafu.

Katika magari mengi ya kisasa, pedali husukuma fimbo fupi inayoingia katika silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Pistoni iliyo ndani ya silinda hiyo husukuma mafuta kupitia bomba hadi silinda ya chini, iliyo karibu na giaboksi. Silinda ya chini husukuma uma wa klachi, uma husukuma beringi, na beringi hukandamiza vidole vya springi ya presha pleti. Vidole hivyo vikikandamizwa, klachi pleti huachiliwa na injini hutengana na giaboksi. Hapo dereva hubadili gia.

Dereva anapoondoa mguu, safari hiyo hugeuka. Springi nzito ya presha pleti hurudi mahali pake, husukuma beringi, uma na silinda ya chini, hurudisha mafuta juu, na mafuta hayo huiinua pedali. Kwa hiyo pedali huinuliwa hasa na nguvu inayotoka kwenye presha pleti. Nguvu hiyo ikipotea njiani, ikizuiwa njiani, au ikikutana na kizuizi kwenye pedali yenyewe, pedali itanata. Kazi yote ya kutafuta chanzo ni kujua ni wapi kati ya sehemu hizo tatu mambo yameharibika.

Baadhi ya magari ya zamani hutumia waya badala ya mafuta. Katika magari hayo, waya ulioanza kukatika nyuzi au uliokauka ndani ya ala yake ndio wa kutazamwa kwanza.

2. Kwa nini gari la spoti husumbua zaidi

Zipo sababu nne.

Kwanza, injini ya gari la spoti hutoa nguvu kubwa, hivyo presha pleti yake huwa na springi ngumu. Ili mguu wa dereva usichoke, watengenezaji wengi huweka springi ya kusaidia kwenye pedali. Springi hii ina tabia ya kipekee: pedali ikiwa juu, springi huivuta juu, pedali ikipita katikati ya mwendo wake, springi huivuta chini. Mafuta yakiwa na shinikizo la kutosha, msaada huo hauonekani. Shinikizo likipungua kwa sababu ya mvujo au upepo ndani ya bomba, springi hiyohiyo iliyowekwa kumsaidia dereva huishikilia pedali sakafuni.

Pili, injini hizi huzunguka kwa kasi kubwa. Honda S2000 ya awali, kwa mfano, iliundwa kuzunguka hadi karibu mara 9,000 kwa dakika. Katika kasi ya namna hiyo, kila sehemu inayozunguka ndani ya klachi hupata msukumo wa kutoka nje ya mzunguko, na presha pleti iliyochoka au isiyo ya aina sahihi huweza kuchelewa kurudi.

Tatu, joto. Chumba cha injini ni kidogo, na bomba la mafuta ya klachi huweza kupita karibu na bomba la moshi. Mafuta yaliyozeeka huchemka katika joto ambalo mafuta mapya yangelistahimili.

Nne, mahali ilipo silinda ya chini. Katika MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 1989 kwa jina la Eunos Roadster, silinda hii imefungwa nje, ubavuni mwa giaboksi, na hubadilishwa bila kuishusha giaboksi. Katika Nissan 370Z, silinda ya chini imo ndani ya kasha la klachi na imeuzunguka mhimili wa giaboksi. Kuifikia ni lazima giaboksi ishuke. Hitilafu ni ileile, lakini gharama ya kazi ni tofauti kabisa. Mlaji anapaswa kujua gari lake ni la aina gani kabla hajaanza kujadiliana bei.

3. Pedali ikikwama barabarani

Hitilafu hii ni ya usalama kabla ya kuwa ya fedha. Pedali ikibaki chini gari likiwa katika mwendo, zingatia yafuatayo:

(a) Usiinamishe kichwa kuitafuta pedali. Ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, washa taa za tahadhari na ushike usukani kwa mikono miwili.

(b) Punguza mwendo kwa breki. Iwapo klachi imebaki imeachiliwa, injini haitasaidia kulipunguza gari mwendo, hata kwenye mteremko.

(c) Toa gia, kisha elekea kando ya barabara. Ikiwa klachi imeshika na haiachii, kusimama gari likiwa na gia kutaizima injini kwa mshtuko.

(d) Usizime injini kabla gari halijasimama. Injini ikizimika, usukani huwa mzito na msaada wa breki hupungua.

(e) Usiendelee na safari kwa kuiinua pedali kwa mguu kila unapobadili gia. Pedali iliyokwama mara moja huweza kukwama tena wakati wa kulipita gari jingine.

4. Ukaguzi unaoweza kuufanya mwenyewe

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono na uweke vizuizi kwenye magurudumu. Hakikisha gia imetolewa. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

Hatua ya kwanza: zulia. Ondoa zulia lote upande wa dereva na ujaribu pedali tena. Zulia lisilo la gari hilo, au mazulia mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine, hujikunja nyuma ya pedali na kuishikilia. Hatua hii haina gharama yoyote, na kwa sababu hiyohiyo husahauliwa.

Hatua ya pili: pedali kwa mkono. Ishushe pedali na kuiinua polepole kwa mkono. Sikiliza na uhisi. Ikikwaruza, ikilia, au ikiyumba kushoto na kulia, bushi za mhimili wake zimekauka au zimelika. Tazama pia kama springi iko mahali pake na haikuvunjika.

Hatua ya tatu: kiwango cha mafuta. Fungua boneti na utafute kikopo cha mafuta ya klachi. Mafuta yawe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Hapa pana jambo lisilojulikana na wengi. Mafuta ya breki hushuka kidogo kidogo kadiri pedi za breki zinavyolika, na hali hiyo ni ya kawaida. Mafuta ya klachi hayafanyi hivyo. Katika mifumo mingi, klachi pleti inapolika, silinda ya chini husukumwa nyuma na kiwango cha mafuta hupanda kidogo. Kwa hiyo kikopo cha klachi kilichopungua ni dalili ya mvujo, na kukijaza bila kuutafuta mvujo ni kuahirisha tatizo. Katika baadhi ya magari, klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Ikiwa gari lako ni la namna hiyo na mafuta yamepungua, usiliendeshe mpaka breki zikaguliwe.

Hatua ya nne: rangi ya mafuta. Mafuta mapya huwa meupe ya kupenyeka au ya rangi ya asali. Yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyochacha, yamezeeka au yamebeba chembe za mpira unaomomonyoka ndani ya silinda.

Hatua ya tano: unyevu. Pitisha kitambaa cheupe mahali fimbo ya pedali inapoingia kwenye silinda ya juu, chini ya dashibodi. Kisha tazama silinda ya chini kama inaonekana, na sehemu ya chini kabisa ya kasha la klachi. Mafuta haya ni mepesi na huteleza. Mafuta ya giaboksi ni mazito na yana harufu kali. Mlaji anayeweza kumwambia fundi "kitambaa kimelowa chini ya dashibodi" amekwisha kuipunguza kazi ya utafutaji kwa kiasi kikubwa. Nawa mikono baadaye, na usiache mafuta haya yadondoke kwenye rangi ya gari, kwani huibabua.

Hatua ya sita: kukanyaga mfululizo. Kanyaga pedali mara 10 haraka haraka, kisha ishikilie chini kwa mguu kwa nusu dakika. Andika kilichotokea: je, pedali ilianza kuwa ngumu na kupanda? Je, iliendelea kuzama polepole chini ya mguu? Je, haikubadilika kabisa?

5. Kuzisoma dalili

Namna pedali inavyonata hueleza mahali pa kutafuta. Maelezo yafuatayo si hukumu ya mwisho, bali ni mwongozo wa mahali pa kuanzia.

Pedali ni laini, hubaki sakafuni, na ukiikanyaga mfululizo hurudia ugumu wake. Kuna upepo ndani ya bomba, kwa kawaida kwa sababu ya mvujo mahali fulani. Dawa ni kuutafuta mvujo, kuuziba, kisha kutoa upepo. Kutoa upepo peke yake kutasaidia kwa siku chache tu.

Pedali huzama polepole unapoishikilia chini, na gari huanza kujivuta mbele ukiwa na gia, ilhali hakuna mafuta yanayoonekana nje. Raba za pistoni ya silinda ya juu zimechoka, na mafuta yanazipita ndani kwa ndani. Kutokuwepo kwa mvujo wa nje hakumaanishi kwamba silinda ni nzima.

Pedali ni ngumu na hurudi polepole sana, hasa baada ya kukanyagwa mara kadhaa. Mafuta yanashindwa kurudi. Huenda mpira wa bomba umevimba kwa ndani, au tundu dogo la kurudishia mafuta katika silinda ya juu limezibwa.

Pedali hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini hunata baada ya mwendo mrefu, foleni au mwendo wa kasi. Fikiria joto na mafuta yaliyozeeka kabla ya jambo jingine lolote.

Pedali hunata tu unapobadili gia injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Tazama kwanza mafuta na springi ya kusaidia. Yakiwa sawa, ndipo presha pleti ishukiwe.

Pedali hukwaruza, hutetemeka au hutoa sauti ya chuma, na sauti hubadilika kadiri unavyokanyaga. Uma, beringi au vidole vya presha pleti huweza kuwa vimeharibika. Hapa ndipo kushusha giaboksi kunapoanza kuwa na hoja.

Ni muhimu pia kutofautisha kunata na kuteleza. Klachi inayoteleza hudhihirika pale injini inapopandisha mizunguko bila gari kuongeza mwendo, hasa kwenye mlima na gia kubwa. Hiyo ndiyo dalili ya klachi pleti iliyolika. Pedali inayonata, peke yake, haithibitishi kwamba klachi pleti imekwisha. Dalili hizi mbili huweza kukutana katika gari moja, kwa mfano silinda iliyo ndani ya kasha inapovujia kwenye klachi pleti, lakini kila moja inahitaji uthibitisho wake.

6. Vipimo vya kumtaka fundi avifanye

Fundi mwaminifu hatachukizwa na maombi haya matatu.

La kwanza ni kupima mwendo wa silinda ya chini. Mtu mmoja hukanyaga pedali huku fundi akiitazama fimbo ya silinda ya chini, pale inapoonekana. Ikisogea kidogo kuliko kipimo cha mtengenezaji, tatizo liko juu yake, yaani kwenye mafuta, bomba au silinda. Ikisogea ipasavyo na klachi bado haiachii, tatizo liko chini yake, ndani ya kasha.

La pili ni kuilegeza nati ya kutolea upepo wakati pedali imekwama na klachi imebaki imeachiliwa. Mafuta yakiruka kwa nguvu na uma ukarudi, shinikizo lilikuwa limenaswa kwenye bomba au silinda ya juu. Uma usiporudi, umekwamishwa na chuma na si mafuta. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na hutenganisha makundi mawili makubwa ya visababishi.

La tatu ni kubadilisha mafuta yote na kutoa upepo kabla ya matengenezo makubwa, ikiwa mafuta ni meusi. Hiyo ni hatua ya bei ndogo, na hata ikishindwa kuondoa tatizo haipotei bure, kwa kuwa mafuta yalihitaji kubadilishwa.

Ni kweli pia kwamba zipo hali ambazo fundi ana haki ya kushauri matengenezo makubwa. Giaboksi ikiwa imeshushwa kwa sababu iliyothibitishwa, ni busara kubadilisha beringi, na klachi pleti kama imekaribia mwisho wake, kwa kuwa gharama ya kazi haitalipwa mara mbili. Ushauri huo ni mwema. Usio mwema ni kushusha giaboksi ili kwenda kutafuta tatizo ambalo lingetafutwa juu kwanza.

7. Mafuta ya klachi: chupa ndogo, madhara makubwa

Mfumo wa klachi kwa kawaida hutumia mafuta ya breki. Viwango vyake huandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ya DOT 4, chini ya nyuzi 230. Na ya DOT 5.1, chini ya nyuzi 260. Mafuta haya hufyonza unyevu kutoka hewani. Yakishafyonza maji, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3, nyuzi 155 kwa DOT 4 na nyuzi 180 kwa DOT 5.1. Hapo ndipo ilipo siri ya pedali iliyo nzima asubuhi na mgonjwa jioni: mafuta yenye maji yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea kama upepo, na shinikizo hupotea.

Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo au katika kitabu cha gari. Usichanganye na DOT 5, ambayo hutengenezwa kwa silikoni na ni tofauti na DOT 5.1 licha ya majina kufanana. Usiruhusu mafuta ya injini, ya usukani au ya giaboksi kuwekwa katika kikopo hicho hata kidogo, kwa kuwa huvimbisha raba za silinda, na uharibifu huo ni miongoni mwa visababishi vya kunata. Nunua chupa iliyofungwa kwa lakiri yake, ifunguliwe mbele yako, na usikubali mabaki ya chupa iliyokaa wazi gereji kwa muda usiojulikana.

8. Mfano

Tuchukulie kwamba mlaji anamiliki MX-5 ya kizazi cha kwanza. Pedali imeanza kubaki sakafuni akiwa kwenye foleni. Gereji ya kwanza inamwambia klachi nzima ibadilishwe. Kabla ya kukubali, anaondoa zulia, hakuna tofauti. Anatazama kikopo, mafuta yako chini ya alama na ni meusi. Anakanyaga mara 10, pedali inapanda. Anaendesha kwenye mlima kwa gia ya nne, injini haitelezi. Anaomba gari liinuliwe kwa usalama, na silinda ya chini inaonekana imelowa.

Mlaji huyu sasa ana mambo matano ya kuandika kwenye karatasi, na yote yanaelekea mahali pamoja: silinda ya chini inavuja na upepo umeingia. Silinda hiyo iko nje ya giaboksi. Anachohitaji ni silinda, mafuta mapya na kutolewa upepo, pamoja na kukaguliwa silinda ya juu ambayo huenda ina umri uleule. Kama angekuwa na Nissan 370Z, mvujo huohuo ungedai giaboksi ishuke, na jibu la gereji lingekuwa sahihi. Ukaguzi haukusudiwi kumuumbua fundi, bali kuhakikisha kwamba kinacholipiwa ndicho kilichoharibika.

9. Haki na wajibu wako kwa gereji, muuza vipuri na muuza gari

Kwa gereji: taka makadirio ya maandishi yanayotenganisha uchunguzi, vipuri na kazi. Taka kauli ya fundi kuhusu chanzo cha hitilafu, na kipimo kilichothibitisha chanzo hicho. Agiza kwamba kazi yoyote ya ziada isifanyike bila ridhaa yako. Chukua vipuri vya zamani. Silinda ya zamani iliyochanika raba ni ushahidi, na klachi pleti ya zamani ambayo bado ni nene ni ushahidi pia. Dai risiti, na uandikishiwe dhamana ya kazi kama ipo.

Kwa muuza vipuri: linganisha namba ya kipuri, ufungashaji na maandishi. Kipuri bandia cha silinda hufanana na halisi kwa nje; tofauti imo kwenye raba, nayo hujitokeza baada ya majuma machache. Risiti ndiyo itakayokuwezesha kumrudia muuzaji.

Kwa muuza gari: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humwekea mfanyabiashara sharti kwamba bidhaa anayoiuza kwa maelezo iwe na ubora unaofaa kuuzika. Lakini sheria hiyo pia husema kwamba mnunuzi akiikagua bidhaa, sharti hilo halizihusu kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Maana yake kwa mnunuzi wa gari la spoti ni nzito. Kulizunguka gari, kuketi kwenye kiti na kukanyaga pedali mara moja injini ikiwa baridi ni ukaguzi wa kujidhuru. Liendeshe hadi lipate joto, badili gia mara nyingi, shikilia pedali chini kwenye taa za barabarani, kisha ufungue kikopo. Jihadhari na mkataba unaosema gari linauzwa "kama lilivyo". Usome kabla ya kutia saini, na kila ahadi ya muuzaji kuhusu klachi iingizwe kwa maandishi.

Ukiona umepotoshwa, anza kwa malalamiko ya maandishi kwa muuzaji au gereji, ukiambatanisha risiti, makadirio na picha. Usipopata jibu la kuridhisha, malalamiko kuhusu mwenendo wa kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tume hiyo ndiyo pia inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Masuala ya ubora na viwango vya bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Njia ya mahakama hubaki wazi kwa anayedai fidia chini ya mkataba.

Muhtasari

• Pedali hurudishwa juu hasa na presha pleti kupitia mafuta. Tafuta ni wapi nguvu hiyo inapotea au inapozuiwa.

• Anza na zulia, kisha pedali, kikopo, unyevu na kukanyaga mfululizo. Andika unachokiona.

• Mafuta ya klachi yaliyopungua ni dalili ya mvujo.

• Kunata si kuteleza. Usikubali klachi pleti mpya kwa sababu ya kunata peke yake.

• Jua kama silinda ya chini ya gari lako iko nje au ndani ya kasha.

• Giaboksi ishuke baada ya uthibitisho, si kabla yake.

• Linda risiti, makadirio na vipuri vya zamani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pedali iliyoanza kuchelewa kurudi ni ufa. Anayeuchunguza mapema, kwa utaratibu na kwa maandishi, hujikinga na ajali, na hubaki na fedha ambazo zingelipia ukuta usiokuwa na kasoro.